Bara Lisilo na wa Kulivuta

Mwaka 1964, huko Loperot, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walichimbua sehemu ya fuvu la nyangumi. Halikuwa la kiboko wala la mamba wa kale, ambao mifupa yao imejaa katika ardhi ile. Lilikuwa la nyangumi mwenye mdomo mrefu, wa ukoo ambao hadi leo huishi bahari kuu, kwenye kina kirefu. Kutoka Loperot hadi ufuo wa Bahari ya Hindi ni kilomita 740, na mahali penyewe pako mita 620 juu ya usawa wa bahari. James Mead aliyaeleza mabaki hayo mwaka 1975. Baadaye fuvu likapotea katika maghala ya Marekani, likatafutwa kwa miaka mingi, na mwaka 2011 likapatikana Chuo Kikuu cha Harvard.

Nyangumi yule alikufa yapata miaka milioni 17 iliyopita. Alipotea njia, akaingia kwenye mto mkubwa uliokuwa ukimwaga maji yake baharini, akaupanda hadi akakwama. Nyangumi hapandi maporomoko. Kwa hiyo mto ule ulikuwa mpana, wenye kina, unaotambaa kwenye tambarare. Mwaka 2015 Henry Wichura na wenzake walikadiria kwamba pale alipofia palikuwa na mwinuko wa kati ya mita 24 na 37 tu. Tangu wakati huo ardhi ya Loperot imepanda karibu mita 600. Na Turkana ndiyo sehemu ya chini ya ukanda huu, mwanya ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia upande mmoja na za Kenya na Tanzania upande wa pili.

Nani aliyeiinua? Himalaya iliinuka kwa sababu India iliigonga Asia. Hapa kwetu hakuna aliyegongana na mtu. Dodoma, Mwanza, Nairobi na Kampala zote zimekaa zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, na hakuna bara lililokuja kutupiga kumbo. Jibu inabidi litafutwe chini.

Chini ya ganda tunalolikanyaga kuna mantili, tabaka nene la mwamba linaloshuka hadi kilomita 2,900, mpaka kwenye kiini cha chuma. Wengi hudhani mantili ni ziwa la moto, mwamba ulioyeyuka unaochemka kama maji. Sivyo. Ni mwamba mgumu, na yapo mawimbi ya tetemeko, yale yasiyoweza kupita katika kimiminiko, ambayo hupita ndani yake bila shida. Ila mwamba mgumu ukipewa joto la kutosha na muda wa kutosha hutambaa, sentimita chache kwa mwaka. Dereva yeyote wa masafa marefu ameona jambo linalofanana na hilo karibu na mizani: pale malori yenye shehena yanapopanga foleni juani, lami hubonyea na kujikunja kwenye njia za magurudumu, ingawa ukiigonga kwa nyundo ni ngumu.

Pale ambapo mwamba wa kina kirefu umepata joto kuzidi majirani zake, kwa nyuzi 100 hadi 300 hivi, huwa mwepesi kidogo na huanza kupanda. Wataalamu huuita mwamba huo plumu. Mimi katika safu hii nitauita mkondo wa joto. Chini ya Afrika kuna zaidi ya mkondo wa kawaida. Picha zilizochorwa kwa kupima mwendo wa mawimbi ya matetemeko zinaonyesha rundo kubwa mno la mwamba unaopunguza kasi ya mawimbi, limekaa juu ya kiini chini ya kusini mwa bara letu, limepanda zaidi ya kilomita elfu moja, kisha limeinama kuelekea kaskazini-mashariki, kama moshi wa jiko unavyoinamishwa na upepo, hadi chini ya Kenya na Ethiopia. Mjiolojia Kevin Burke alilipa rundo hilo jina la Tuzo, kwa heshima ya J. Tuzo Wilson wa Kanada, ambaye tutakutana naye tena.

Ushahidi mwingine uko Mbeya. Katika madini ya lava za Rungwe imenaswa gesi ya heliamu, na mwaka 2011 David Hilton na wenzake walitangaza vipimo vyake. Heliamu ina aina mbili. Ile nyepesi, heliamu-3, dunia iliirithi ilipoumbwa, na kwa sehemu kubwa haizalishwi tena. Katika miamba ya migongo ya katikati ya bahari, safu za milima ya chini ya maji ambako sakafu ya bahari hufunguka, uwiano wake na heliamu-4 huwa mara 8 hivi ya ule wa hewa tunayovuta. Rungwe ulifika mara 15. Gesi ya namna hiyo haitoki karibu; imepanda na mwamba kutoka chini sana. Naomba msomaji asichanganye habari hii na ile ya heliamu ya Rukwa iliyovuma mwaka 2016. Ile ya Rukwa ni heliamu-4, iliyozalishwa polepole ndani ya miamba mikongwe ya ganda na kufunguliwa na joto la Bonde la Ufa. Majirani wawili, gesi yenye jina moja, asili mbili tofauti.

Basi mkondo upo. Je, unasogeza bamba, yaani kipande kikubwa cha tabaka la nje la dunia kilichobeba bara au bahari? Hapo ndipo wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya nusu karne.

Arthur Holmes, Mwingereza aliyefanya kazi ya kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911 na kurudi kwao akiwa ameugua malaria, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusema kwamba mikondo ya joto ndani ya mantili ndiyo inayobeba mabara. Aliyasema hayo mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wajiolojia wengi walikuwa wakimbeza Alfred Wegener na mabara yake yanayotembea. Mwaka 1963 huyo Tuzo Wilson akaeleza kwamba visiwa vya Hawaii vimejipanga mstari kwa sababu bamba linapita juu ya mahali penye joto pasipohama nalo. Mwaka 1971 Jason Morgan akaongeza kwamba joto hilo linatoka kwenye mikondo inayopanda tangu chini kabisa ya mantili, na akathubutu zaidi: mikondo hiyo, alisema, ndiyo inayosukuma mabamba.

Miaka minne baadaye Donald Forsyth na Seiya Uyeda walikaa na ramani na hesabu. Walipima kila bamba: eneo lake, urefu wa migongo yake ya bahari, urefu wa kingo zake zinazozama kuingia mantili, na kasi yake. Jambo moja likajitokeza wazi. Mabamba yenye kingo ndefu zinazozama, kama la Pasifiki, hukimbia. Mabamba yasiyo nazo hujikokota. Ukingo wa bamba la bahari ukipoa na kuzama huwa mzito, na huvuta bamba zima nyuma yake kama nanga iliyotupwa inavyovuta kamba. Tangu hapo vitabu vya shule na vyuo vimefundisha kwamba uzito wa kingo zinazozama ndio injini, na mikondo ya joto ikabaki kuwa mapambo: inatengeneza visiwa na volkeno, haisogezi kitu.

Kwa dunia nzima kwa ujumla, hukumu hiyo ni ya haki. Ila ichukue uiweke juu ya ramani ya Afrika, uone itakavyokwama.

Magharibi mwa bamba letu kuna mgongo wa kati wa Atlantiki. Kusini kuna mgongo wa bahari unaozunguka kuelekea Bahari ya Hindi. Mashariki, tena mgongo. Kaskazini-mashariki, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, ambazo nazo zinafunguka. Ukingo unaozama uko kaskazini tu, chini ya Ugiriki na kusini mwa Italia, kipande kifupi kwa bara lenye ukubwa huu. Afrika haina wa kuivuta. Tena migongo ile ya bahari iliyoizunguka imeinuka, na kila bamba linaloteremka kutoka mgongoni husukuma kuelekea ndani. Kwa hesabu hiyo Afrika ilipaswa kubanwa kutoka pande zote. Badala yake imepasuka katikati, kutoka Afar hadi Msumbiji.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la mkondo wa joto na mwendo wa mabamba haliamuliwi vizuri huko Pasifiki, mahali ambapo kelele za kingo zinazozama zinafunika kila sauti nyingine. Linaamuliwa hapa kwetu, ambako anayevuta hayupo na anayesukuma kutoka chini anaweza kusikika.

Anasukumaje? Chukua turubai la kuanikia mpunga. Ingiza mti chini yake katikati, uinue. Mpunga utateremka pande zote mbili. Mti haukuusukuma mpunga kwenda kando. Uliuinua tu, uzito wa mpunga wenyewe ukafanya kazi iliyobaki. Mkondo wa joto ukifika chini ya bara huliinua hivyo hivyo, na ardhi iliyoinuka huwa na tamaa ya kujitandaza. Sarah Stamps wa Virginia Tech na wenzake walipokokotoa nguvu hiyo ya kujitandaza, waliona kwamba inatosha kueleza kwa nini upande wa Somalia unaachana na upande wa magharibi, ule wajiolojia wauitao Nubia, bila kuhitaji mkondo uburute bamba kwa chini.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Vipokezi vya GPS vilionyesha kwamba baadhi ya sehemu za ukanda huu hazisogei mashariki-magharibi peke yake. Kuna mwendo unaofuata urefu wa bonde, kuelekea kaskazini. Ardhi inayoteremka kutoka kwenye mwinuko haina sababu ya kufanya hivyo. Mwaka 2023 Tahiry Rajaonarison, mtafiti kutoka Madagaska, pamoja na Stamps na wenzao, walionyesha kwa kompyuta kwamba mwendo huo unaeleweka ukikubali kuwa mkondo mkuu unatiririka kaskazini chini ya bamba na kulikokota kidogo. Kwa hiyo zipo kazi mbili kwa pamoja: kuinuka kunapasua, mtiririko wa chini unaburura. Nami naona hii ndiyo picha iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko ugomvi wa zamani wa ama hiki ama kile.

Kuna kazi nyingine ya mkondo ambayo haipewi uzito unaostahili, nayo ni kulegeza. Bamba baridi lina nguvu sana. Nguvu zilizopo Afrika Mashariki peke yake zingepata taabu kulipasua. Mwamba ulioyeyuka ukijipenyeza kwenye nyufa, kazi huwa rahisi. Mwezi Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa wiki kadhaa kusini mwa Ziwa Natron, na tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi, watu wakashuka mbio kutoka maghorofani. Picha za setilaiti zilionyesha kilichotokea: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijichomeka wima ardhini kama kabari na kupanua ufa kwa zaidi ya mita moja, bila kutokeza juu. Septemba, jirani yake, volkeno ya Ol Doinyo Lengai, ikalipuka na kumwaga majivu juu ya mbuga. Bonde linalofunguka kwa milimita chache kwa mwaka lilikuwa limeweka akiba ya mamia ya miaka, na likaitoa kwa wiki chache. Afar, mwaka 2005, lilikuwa jambo kubwa zaidi: kabari ya kilomita 60, na mahali pengine ardhi ikaachana kwa mita 8.

Ukitaka kujua mkondo unaweza nini peke yake na unaweza nini ukisaidiwa, linganisha Arabuni na Somalia. Miaka milioni 30 hivi iliyopita mkondo uliofika chini ya Ethiopia na Yemeni ulimwaga lava iliyorundikana hadi unene wa kilomita mbili katika baadhi ya sehemu. Kisha bara likapasuka kwenda pande tatu: Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden na Bonde la Ufa. Upande wa Arabuni kulikuwa na wa kuvuta, maana sakafu ya bahari ya kale iliyoitwa Tethys ilikuwa ikizama chini ya Irani na kuliburuta bamba la Arabuni kuelekea kaskazini. Mkondo ulilegeza, ukingo unaozama ukavuta, na Arabuni ikang'oka kabisa. Leo Ghuba ya Aden ni bahari kamili, inafunguka kwa karibu sentimita 2 kwa mwaka. Somalia haikuwa na wa kuivuta. Inakwenda kwa milimita 6 au 7 kwa mwaka huko Ethiopia, na kasi hiyo hupungua kadiri unavyoshuka kusini. Mkondo ule ule, umri unaokaribiana, na tofauti ya zaidi ya mara mbili katika mwendo. Kama kuna jaribio ambalo maumbile yenyewe yametufanyia, ni hili.

Bamba nalo lina sauti yake. Katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma hadi Ziwa Viktoria, kuna kiini cha bara chenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Wajiolojia hukiita krateni. Mzizi wake ni mnene na baridi. Ushahidi wake mzuri uko Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi huundwa kwenye kina cha kilomita 140 na zaidi, mahali penye mgandamizo mkubwa na joto lisilozidi kiasi, na mahali pa namna hiyo hupatikana chini ya mabara manene na baridi tu. Kila jiwe la Mwadui ni barua iliyotumwa kutoka kwenye mzizi wa krateni.

Mkondo wa joto ulipopanda ukakuta mzizi huo, haukuutoboa. Ulipinda. Mwaka 2015 Alexander Koptev na wenzake walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mkondo mmoja ukigonga ukingo wa krateni hupindishwa zaidi upande wa mashariki, na ndiyo maana tawi la mashariki la Bonde la Ufa, lile la Natron, Naivasha na Turkana, lina lava nyingi, wakati tawi la magharibi, la Tanganyika na Albert, lina maziwa marefu yenye kina na volkeno chache. Katikati ya matawi hayo mawili kimebaki kibamba kidogo, bamba la Viktoria, kikibeba ziwa na mamilioni ya watu. GPS inasema kinazunguka kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na majirani wake wote. Palikuwa na waliodhani mkondo ndio unaokizungusha kwa kukigusa ubavuni. Mwaka 2020 Anne Glerum na wenzake walileta maelezo mengine: sehemu dhaifu na sehemu ngumu zilizopangwa kandokando yake zinatosha kukizungusha, kama mlango uliokwama upande mmoja unavyozunguka ukisukumwa. Nayakubali maelezo yao. Kumpa mkondo sifa ya kila kitu ni kosa lile lile la kumnyima sifa yote.

Wako wanaosema kwamba nguvu ya mkondo, hata ikiwepo, ni ndogo mno kuweza kusogeza bamba kubwa kwa kasi. Hao nawapeleka Réunion.

Kisiwa hicho, mashariki mwa Madagaska, kina volkeno inayolipuka mara kwa mara, Piton de la Fournaise. Ni mkia wa mkondo mmoja mzee. Ukifuata nyayo zake kwenda nyuma utapita Morisi, utafika Chagos, Maldivi na Lakshadweep, na utaishia India magharibi, kwenye nyanda za Deccan. Huko, miaka milioni 66 iliyopita, kichwa cha mkondo kilipofika kilimwaga lava ambayo hadi leo imefunika zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Mahekalu ya Ellora na Ajanta yamechongwa ndani ya lava hiyo.

Sakafu ya bahari huweka kumbukumbu. Lava inapoganda kwenye mgongo wa bahari hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, na kwa kuwa sumaku hiyo imegeukageuka mara nyingi, sakafu ina michirizi inayosomeka kama daftari la mahudhurio. Steven Cande na Dave Stegman walilisoma daftari la Bahari ya Hindi, na mwaka 2011 wakatangaza walichokiona. Kuanzia miaka milioni 67 hivi iliyopita bamba la India liliongeza kasi hadi kufikia sentimita 18 kwa mwaka, mwendo ambao hakuna bara linaloukaribia leo. Wakati huo huo, Afrika ilipunguza mwendo. Miaka milioni kadhaa baadaye, kati ya milioni 52 na 45 iliyopita, mambo yakageuka: India ikapunguza, Afrika ikaongeza.

Hapo ndipo penye uzito. Kupungua kwa mwendo wa India wengi walikuwa wameshakueleza: iligonga Asia. Lakini kugongana kwa India na Asia hakuelezi kwa urahisi kwa nini Afrika, upande wa pili wa mgongo wa bahari, ibadilike kwa wakati mmoja na kwa njia iliyo kinyume. Weka kichwa cha mkondo katikati yao kikitandaa kila upande, na yote mawili yanaeleweka. India ilikuwa ikielekea kaskazini-mashariki, ikasukumwa kule ilikokuwa ikienda. Afrika nayo ilikuwa ikielekea upande huo huo, lakini mkondo ulikuwa mbele yake, ukaizuia. Mkondo ulipofifia, India ikapoteza msukumo na Afrika ikafunguliwa breki.

Maelezo haya yana wapinzani wenye hoja nzito. Mwaka 2015 Oliver Jagoutz na wenzake walisema India ilivutwa na kingo mbili zilizokuwa zikizama kwa mpigo mbele yake, na nguvu mbili zilizoungana zinaweza kutoa kasi hiyo. Sioni kwamba hoja moja inaua nyingine. India ilikuwa na wa kuivuta mbele na wa kuisukuma nyuma. Lakini badiliko la Afrika linabaki upande wa mkondo, na sijaona bado anayeliondoa hapo kwa kuridhisha.

Kikundi cha Douwe van Hinsbergen wa Utrecht kilikwenda mbali zaidi mwaka 2021. Kwa hoja yao, mkondo mwingine wa kale zaidi, uliopanda chini ya Madagaska na India yapata miaka milioni 105 iliyopita, ulilizungusha bamba kiasi cha kuulazimisha ukingo wake wa mbali uanze kuzama, kwenye mstari uliopita Oman hadi mashariki ya Mediterania. Wakiwa sahihi, basi mkondo ndio uliomzaa anayevuta. Sehemu ya ushahidi wao ni miamba ya milima ya Oman, ile miamba myeusi ya sakafu ya bahari iliyopandishwa nchi kavu, ambayo kila aliyesafiri kwa barabara nje ya Maskati ameiona.

Kisha kuna Hawaii, mkondo wenye nguvu nyingi, na bamba la Pasifiki linapita juu yake kama halikuuona. Sioni mgongano. Mkondo ule uko katikati ya bamba kubwa, linalovutwa na maelfu ya kilomita za kingo zinazozama. Hauna ukingo wa kupasua wala mwinuko mpana wa kuteremsha. Mahali mkondo ulipotokea, na umri wake, vina uzito kuliko ukubwa wake.

Nikiyasema haya mbele ya watu, swali linalofuata huwa lile la ufa wa Kenya. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilibomoka karibu na Suswa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika, na picha zikazunguka dunia zikisema Afrika inagawanyika. Ule ulikuwa zaidi mkondo wa maji kuliko mkondo wa joto. Bonde limejaa majivu laini ya volkeno, maji huyachimba kwa chini, na siku moja dari huanguka. Bara linaachana kweli, lakini hata huko Ethiopia, penye kasi zaidi, ni milimita 6 hivi kwa mwaka, yaani mita 6 kwa miaka elfu moja, kilomita 6 kwa miaka milioni moja. Bahari haiji kesho wala keshokutwa.

Tumezijuaje milimita hizo? Zimepimwa kwa kifaa ambacho msomaji anaweza kukipita bila kukiona. Unatafuta mwamba uliojishika, si jiwe lililolala juu ya udongo. Unautoboa tundu la kina cha kidole, unasimika pini ya chuma kisichoshika kutu, unaifunga kwa gundi. Kichwani ina nukta ndogo. Juu ya nukta hiyo unasimamisha miguu mitatu na antena, ukihakikisha kwa pima maji kwamba imesimama wima kabisa, unaunganisha betri ya gari na paneli ya sola, na unaiacha isikilize setilaiti siku tatu mfululizo. Baada ya miaka miwili au mitatu unarudi kwenye nukta ile ile. Kwa vipimo vya namna hii, pamoja na vituo vya kudumu, Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi aliwaongoza wenzake kuchora, mwaka 2014, ramani ya mwendo wa ukanda wote wa Bonde la Ufa ambayo watafiti duniani bado wanaitumia.

Niliwahi kurudi kwenye nukta moja, kwenye kilima chenye upepo mwingi, nikakuta shimo. Mwamba ulikuwa umepasuliwa kwa nyundo, pini haipo. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi karibu hapo nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila kuficha: "Mwanangu, vijana walidhani Wazungu wameficha zebaki chini yake." Nilimwonyesha pini nyingine niliyokuwa nayo mkobani, nikamweleza inapima nini. Aliishika, akaigeuza, akauliza kilima chake kinakwenda wapi. Nikamwambia mashariki, taratibu. Akanyamaza kidogo, akasema angewaambia.

Pini ile ilikuwa na vipimo vya miaka sita, na huwezi kuvirudisha kwa kusimika nyingine. Unaanza upya, na kilima hakikusubiri. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiwa shambani, mlimani au machungani, ukaona kichwa cha chuma chenye nukta kimesimikwa kwenye mwamba, ujue hakuna zebaki wala dhahabu chini yake. Kiache hapo, na wengine uwaambie wakiache.